Chumba cha Nyuma ya Kinyozi

3 Februari

Wifi,

Usinipigie simu tena. Kwenye simu unalia, na ukilia mimi nasahau nilichotaka kusema, halafu nakata nikiwa nimekuahidi jambo ambalo sikutaka kuahidi. Tuandikiane. Kwenye karatasi hakuna anayelia.

Umefika, chumba umekiona. Mama yenu mdogo amekuachia kitanda, meza na jiko, na mwenye kiwanda cha uchapaji amekubali kukupa kazi ya kufunga vitabu kwa sababu tu bado hajakufahamu. Sisi tunaokufahamu tumechoka. Nasema "sisi", lakini anayeandika ni mimi mke wa kaka yako, maana yeye hana moyo wa kukuambia ukweli. Anakuonea huruma. Huruma yangu mimi iliishia ukumbini siku ile ya zawadi, ulipopanda jukwaani kumpongeza mwanao, ukaiegemea meza ya vikombe na kuanguka nayo. Nafundisha shule ile, wifi. Nilikuwa nimesimama pale pale na kipaza sauti mkononi. Wazazi walicheka. Darasa langu lote lilicheka. Chiriku hakucheka wala hakulia. Aliinama akaanza kuokota vikombe, kana kwamba yeye ndiye aliyeviangusha. Mtoto tuliyempa jina la ndege kwa kuropoka kwake kutwa nzima, tangu siku ile anajibu "sawa" na "hapana" basi.

Atabaki kwetu. Atakula, atavaa, atasoma. Wewe huko tafuta kikundi cha watu wanaoacha pombe. Vipo kila mji, redioni wamesema. Ukikipata, kaa humo. Sitaki uende mara moja halafu uniambie umekwenda. Kabla ya hapo usije, usimwambie mtoto unakuja, na usimtumie zawadi.

Mwalimu


11 Februari

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua na kuisoma tena nihakikishe kama kweli umeshindwa kuandika hata "habari za huko".

Vipo kila mji. Asante sana. Na mimi ningependa kuishi kwenye huo mji wa redioni. Ngoja nikueleze huu wa kwangu.

Nimekwenda kituo cha afya. Nimepanga foleni, nimefika dirishani, nimemnong'oneza nesi kwamba natafuta kikundi cha watu wanaoacha pombe. Akauliza kwa sauti ya mtu anayeuza samaki: "Cha walevi?" Benchi zima likageuka. Kuna bibi mmoja alimvuta mjukuu wake karibu. Nesi akaniandikia namba ya simu, haipatikani, na jina la ukumbi ulio karibu na uwanja wa mpira. Nikaenda kwa miguu. Mlango una kufuli lenye kutu. Mlinzi akaniambia, "Aa, wale? Mwenyekiti wao alirudi kunywa, wakatawanyika." Akacheka mpaka akafuta machozi.

Sikuishia hapo, ingawa najua unadhani niliishia hapo. Jumamosi nikasikia kuna watu wanakutana kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya ibada. Nikaingia. Wanaume watupu. Mkubwa wao akaniuliza, "Umemleta mumeo?" Nikasema nimejileta mwenyewe. Wakatazamana. Mmoja akasema mwanamke anayekunywa ana tatizo la maadili, hilo ni jambo jingine, si la kikundi hiki. Wakaniomba nisubiri nje wajadiliane. Nikakaa kwenye ngazi nawasikia wakinijadili kama mbuzi aliyeingia shambani. Baadaye akatoka mmoja, akauliza kama wakati nasubiri ningeweza kuwasaidia kuandaa chai. Nilimjibu hiyo chai akajipikie mwenyewe.

Njia ya kurudi nyumbani inapita baa. Sikuingia. Usinipongeze. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilipita bila kuiona, nikaikumbuka nimeshafika kwangu nafungua mlango.

Msalimie mwanangu kama hilo linaruhusiwa. Na kaka, mbona haongezi hata mstari mmoja chini ya barua yako? Mwambie mdogo wake bado yuko hai.

Mama Chiriku


20 Februari

Wifi,

Nimefundisha muda mrefu, naitambua barua ya mtu ambaye hakufanya kazi ya nyumbani. Daftari limeloa, taa ilizimika, mbwa alikula. Wewe una nesi mwenye sauti, kufuli lenye kutu, mlinzi anayecheka, na chai. Mji mzima mbaya, mwema wewe peke yako.

Nakuuliza swali moja tu. Ungetaka pombe Jumapili asubuhi, kila mahali pamefungwa, ungeikosa? Ungemgongea mtu dirisha. Ungemjua mtu anayemjua mtu. Ungefika hata kama ni kwa kutambaa. Basi kitafute kikundi namna hiyo hiyo, halafu ndiyo uniambie hakipo.

Kaka yako anakusalimu. Hakuandika kwa sababu ana homa, na akipona kuna kazi inamngoja. Kampuni imempa jengo jipya la ghorofa tisa. Lifti zote mbili ni zake, kufunga, kujaribu mpaka kukabidhi. Ni heshima kubwa kwa fundi, na mimi najivunia. Usimsumbue na malalamiko.

Chiriku nilimwambia umesalimu. Alisema sawa.

Mwalimu


6 Machi

Mwalimu,

Hilo neno lako la Jumapili asubuhi limeniingia, kwa sababu ni kweli. Nimekaa na hasira yake muda wote huu. Nilikuwa nikikata karatasi nakukata wewe.

Sasa sikia. Kiwandani mashine ya kukatia ni yangu. Wakishachapa wao, mimi nakata, nakunja na kushona. Majuzi ikaja kazi ndogo, vikadi vya kutia mfukoni. Nimevipanga, nimevibana, nataka kushusha kisu, macho yakaangukia kile cha juu. "Unataka kuacha pombe na umeshindwa? Na sisi tulishindwa. Njoo. Jumatano saa kumi jioni, chumba cha nyuma ya kinyozi, mtaa unaopakana na stendi."

Mkono ukabaki juu. Mwenye kazi alikuwa ameketi mbele kwenye benchi akisubiri, mwanamke wa makamo, mnene, miwani imening'inia kifuani. Nikatoka na aproni yangu na gundi mikononi, nikamuuliza, "Samahani mama, hiki kikundi wanawake wanaruhusiwa?"

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Mimi unaniona nani?"

"Mteja."

"Mwenyekiti. Nilikuwa naendesha mabasi ya safari ndefu. Mwishoni nilikuwa naendesha nimelewa, abiria nyuma wamelala wananiamini. Wewe unakunywa nini?"

"Nilikuwa nakunywa..."

"Sikukuuliza ulikuwa."

Nilimchukia hapo hapo. Jumatano nikaomba ruhusa nikaenda, ili nimwambie hivyo mbele ya watu.

Ili ufike chumba cha nyuma lazima upite kati ya viti vya kunyolea, vioo kushoto na kulia, kwa hiyo unajiona vizuri kabla hujakaa. Huko ndani kuna ndoo za plastiki zimepinduliwa, ndiyo viti. Panatoka harufu ya poda na spiriti. Ndiyo, spiriti, kwenye chumba cha walevi. Kinyozi mwenyewe ni mmoja wetu, anasema zamani chupa ile alikuwa anaigawana na nyembe zake. Yupo pia mzee fundi bomba, na mama mwenye duka la dawa ambaye ukimwona barabarani utamwamkia. Dereva, ndivyo wanavyomwita yule mwenyekiti, akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema sina, na sipendi alivyoniongelesha kiwandani. Akasema, "Hasira njoo nayo. Chupa ndiyo uiache nje." Fundi bomba akanisogezea ndoo.

Nilitoka nimenuna. Jumatano iliyofuata, yaani juzi, nikarudi.

Najua huniamini. Ndani ya bahasha kuna kikadi kimoja. Nimekikata mwenyewe, angalia kingo zake kama zimekatwa na mkono unaotetemeka.

Kaka homa imepona?

Mama Chiriku


17 Machi

Wifi,

Kikadi nimekiona. Kingo zimenyooka. Siendelei zaidi ya hapo, maana huko nyuma niliwahi kuendelea, nikajuta.

Nilimpa Chiriku aisome barua. Akauliza, "Mtu aliyekuwa anakunywa spiriti ananyoaje watu bila kuwakata masikio?" Sijasikia swali refu hivyo kutoka kwake tangu mwaka uanze.

Kaka yako homa imeisha, sasa ni tumbo. Tena Ijumaa aliteleza kwenye ngazi za lile jengo, zilikuwa zimepigwa deki, akachanika juu ya jicho. Jumatatu ikabidi niwapigie kazini kwake niwaambie ana mafua, kwa sababu ukiwaambia jicho wataanza maswali ya bima. Amekuwa mkali kidogo nyumbani, lakini ni uchovu tu. Wenye jengo wanataka kulifungua upesi, wanamsukuma. Siku hizi analala sebuleni asitusumbue na kukohoa.

Mambo ya kikundi chako usimwandikie. Ana mawazo mengi.

Mwalimu


25 Machi

Mwalimu,

Homa. Tumbo. Ngazi zilizopigwa deki. Mafua siku ya Jumatatu. Kulala sebuleni asisumbue watu.

Unajua hayo maneno ni ya nani? Ni yangu. Nimeyavaa mpaka yakachanika viwiko, na nilipokuja nayo mlangoni kwako uliyakataa yote. Nilipokuambia nimeteleza, ulisema, "Sakafu inakuchukia wewe tu?" Leo sakafu imeanza kumchukia na kaka?

Kaka analewa. Wala sibahatishi. Yeye ndiye aliyekuwa akinifuata baa. Anaingia kunichukua, anakaa "dakika moja nisikuaibishe", anaagiza soda. Siku za mwisho mwisho glasi yake haikuwa na soda. Nimeketi naye meza moja, nimeona.

Na wewe unamjua mumeo kuliko mimi. Anatafuna pipi za mnanaa kama mtoto, sivyo? Anaoga muda mrefu kuliko zamani. Ukimuuliza swali la kawaida anajibu kwa ukali ili usiulize la pili. Niambie naongopa.

Mimi nikilewa kazini, kitabu kinatoka kurasa zimegeuka kichwa chini, mteja anatukana, tunarudia. Yeye je? Ghorofa tisa, wifi. Kuna watu watabonyeza kitufe pale na watoto wao mkononi. Mwambie msimamizi wake amtoe kwenye hilo jengo kabla halijafunguliwa. Wewe ni mkewe, utaijua namna ya kulisema. Usipolisema, nitalisema mimi vibaya.

Mama Chiriku


30 Machi

Mama Chiriku,

Ndiyo wanayokufundisha huko kwenye ndoo? Kunusa midomo ya waume za watu kutoka mji mwingine? Umekaa na walevi wenzako vikao vya kuhesabika, tayari umekuwa daktari.

Mume wangu anaamka, anaoga, anavaa, anakwenda kazini. Hajawahi kuanguka jukwaani. Hajawahi kusahau mtoto getini. Mwanao anakula kwa jasho la huyo unayemwita mlevi, analala kwenye shuka alizonunua huyo huyo. Ulipokuwa umelala kwenye veranda ya watu asubuhi na kiatu kimoja, ni yeye aliyekubeba mgongoni mtaa mzima unatazama. Leo umeacha kidogo tu, hata hatujui kama umeacha, unataka kumvuta naye akae chini ulipo ili usijione peke yako.

Ukithubutu kumpigia msimamizi wake huna kaka na huna wifi. Usiniandikie tena. Sitafungua.

Mwalimu


9 Aprili

Mwalimu,

Nitakuwa mfupi, labda utaisoma kabla hujakumbuka kwamba hufungui.

Nimempigia msimamizi wake asubuhi hii. Nimemwambia mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, asije akadhani ni adui. Nikasema, kaka yangu anakunywa na anashika lifti zako. Akasema asante, akakata.

Jana nilikwenda kwa Dereva nikitaka aniambie nisipige. Nilimweleza yote, pamoja na barua yako. Nikamwambia, wananipenda hawa, nikipiga nitawapoteza. Akasema, "Mimi hakuna aliyenipigia simu kwa mabosi. Wote walinipenda."

Nichukie mimi. Usimchukie mtoto.

Mama Chiriku


22 Aprili

Mama,

Mwalimu amesema sisi hatuandikiani na wewe tena, lakini mimi sikuulizwa kama nimo kwenye sisi. Stempu nimepewa na rafiki yangu.

Mjomba amesimamishwa kazi, yuko nyumbani kutwa. Mwanzoni yeye ndiye alikuwa anapiga kelele, sasa Mwalimu ndiye anapiga. Juzi maji ya choo yaligoma kushuka. Mwalimu akafungua lile tangi la juu, akakuta chupa. Akaenda kwenye begi la spana, akakuta nyingine. Alizimwaga kwenye sinki huku anasema maneno ambayo sisi tukiyasema darasani tunapelekwa ofisini. Mjomba akasema chupa zile ni zako, za zamani, ulizificha ukasahau. Mwalimu akanitazama mimi, kama vile mimi ndiye najua. Nikasema, "Mama alikuwa haachi chupa ikiwa na kitu ndani." Mjomba akaenda kukaa nje.

Na mimi nina hasira na wewe, nataka ujue. Siku ya zawadi walisema mshindi atasema neno kwenye kipaza sauti. Nilikuwa nimejiandaa, nimekariri kila kitu. Bado nakumbuka yote na sina pa kuyasema.

Usije kwanza. Lakini uandike.

Chiriku


27 Aprili

Mwanangu,

Endelea kuwa na hasira. Usiifupishe kwa ajili yangu. Mtu yeyote akikuambia umsamehe mama yako haraka, mwambie mama yako mwenyewe amesema hapana haraka.

Lile neno ulilokariri nilikuibia, na siwezi kulirudisha kwa kukuambia pole. Ukipenda siku moja uniambie nikiwa nimekaa chini, sijashika kitu. Usipopenda, ni lako.

Nasikitika uliulizwa chupa ni za nani. Hilo si swali la kumuuliza mtoto. Ulijibu ukweli, na hukumtia mtu yeyote matatani. Ukiona nyumba imechafuka, nenda kwa huyo rafiki yako wa stempu, kaa huko mpaka waishiwe sauti.

Sitakuambia nakuja. Kila Jumatano niko kwa kinyozi. Siku nyingine niko kiwandani nashona vitabu vya hesabu ambavyo pengine nyinyi ndio mtavisoma, kwa hiyo ukikuta ukurasa umegeuka, hasira hiyo pia nitumie.

Mama


6 Mei

Wifi,

Juzi msimamizi alikuja nyumbani mwenyewe. Hakutaka kiti. Walizikagua lifti zote mbili kabla ya kufungua jengo. Ya mbele iko sawa. Ya nyuma, boliti za breki zilikuwa zimekazwa kwa vidole. Kwa vidole, wifi, kama mtu anayefunga chupa ya maji. Na alikuwa ameshatia sahihi kwamba amemaliza. Msimamizi akasema, "Mshukuruni dada yake." Nikatamani kumpiga kofi.

Bado nina hasira na wewe. Uliona kutoka huko, mimi niliyekuwa nafua shati zake sikuona. Hapana, niliona. Nilikuwa napiga simu kazini kwake kwa sauti ile ninayotumia mbele ya wazazi, "Leo ana mafua kidogo", nikishakata nakaa mezani kukuandikia wewe matusi. Wewe ulikuwa mbali, ulikuwa unatukanika. Yeye nilikuwa nalala naye nyumba moja.

Jana nilikwenda kituo cha afya cha hapa kuulizia kikundi. Nesi wa hapa naye ana sauti. Wazazi wa wanafunzi wangu walikuwa kwenye foleni, na mmoja akanikonyeza kama vile tumeshirikiana siri. Nikazunguka mji mchana kutwa na viatu vya kazini. Hakuna kitu. Kuna bango moja tu, na mlango wake umegeuzwa stoo ya saruji. Nilikuwa natembea nakutukana wewe, nakutukana kwa sababu ulisema kweli kuhusu chai na kufuli na mimi nikakuita mtoto aliyekosa kufanya kazi ya nyumbani.

Nikarudi nikamwambia, hapa hakuna, kwa dada yako kipo. Chagua, panda basi au toka getini. Tulirushiana maneno ambayo sitayaandika. Asubuhi hii amepanda basi. Usifurahi. Amesema anakuja kukutoa kwenye hilo genge, na kukuuliza mbele yao wewe ni dada wa namna gani. Amevaa shati lake la harusi. Begi lake sikulipekua, nimechoka kupekua.

Barua hii nimempa kondakta wa basi hilo hilo, sikumpa yeye. Kondakta ameahidi kukuletea kiwandani. Leo ni Jumatano, nimekumbuka.

Mwalimu


8 Mei

Mwalimu,

Kondakta alinikuta nafungua aproni. Nimeisoma barua yako nikitembea. Nilipofika kwa kinyozi, kaka alikuwa ameshatangulia, amesimama katikati ya viti vya kunyolea, shati jeupe limelowa jasho, kovu juu ya jicho. Vioo vyote vilikuwa vimejaa yeye.

"Huyo hapo," akasema. "Wewe ndiye umenifukuzisha kazi?"

"Ndiyo."

Alikuwa amejiandaa nibishe. Akakosa pa kwenda na ile sauti, akaipeleka chumba cha nyuma. Akaingia mbele yangu, akaanza kuwatukana mmoja mmoja. Fundi bomba alimwita mzee asiye na haya. Kinyozi akamwita muuaji wa vichwa. Mama wa duka la dawa akamuuliza kama mumewe anajua yuko wapi, na yule mama akajibu kwa upole kwamba mumewe ndiye aliyemleta, yuko nje anamsubiri. Halafu kaka akasema, "Mimi si mlevi. Nimekuja kumchukua mdogo wangu, tunaondoka."

Dereva hakuinuka. Akasukuma ndoo kwa mguu mpaka ikamfikia. "Kikao hakijaisha. Kaa umsubiri."

Akakaa, ili anisubiri mimi. Hivyo ndivyo alivyoketi.

Wakaongea wenzangu. Ilipofika zamu yangu sikumtazama. Nilisema mimi ni mlevi, na nimeharibu kazi ya kaka yangu kwa simu moja, na ingekuwa leo ningepiga tena. Nilikuwa na hasira, na maneno yakatoka yamenyooka. Yeye mikono yake ilikuwa inacheza, akaikalia. Ameikalia kikao kizima, mtu mzima, fundi, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu vya wageni.

Tukamaliza. Tukaanza kupanga ndoo ukutani, ya kwake ikabaki na yeye juu yake. Kinyozi akafagia akimzunguka. Ndipo akasema, bila kumwangalia mtu, "Zile boliti niliziona. Niliziona hazijakaza. Nikasema nashuka mara moja nikatulize mkono, nikirudi nitazikaza. Nikashuka." Hakumalizia. Aliinuka akaipiga ile ndoo teke ikagonga ukuta.

"Hiyo ndoo ni ya watu," Dereva akamwambia. "Iokote."

Akaiokota, wifi. Nimemjua mtu huyu maisha yangu yote, sijawahi kumwona akiokota kitu alichokipiga teke.

Jana alitapika kutwa, jasho linamtoka, anaona vitu ukutani. Mama wa duka la dawa alikuja akasema mtu kama huyu haachi hivi hivi, anaweza kufa, tukampeleka kliniki. Wamempa dawa za kumtuliza, na anatakiwa arudi huko kila asubuhi. Kwenye begi kulikuwa na chupa, ndiyo. Nimeimwaga mimi, yeye akiangalia. Mkono wangu ulijua uzito wake. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi, na nikimaliza kuandika naenda kwa Dereva kumwambia hivyo hivyo.

Hapo kwenu hakuna kikundi. Na hapa hakikuwepo, mpaka Dereva alipokwenda kumgongea kinyozi. Nakutumia furushi la vikadi vitupu nilivyovikata na mabaki ya karatasi. Mahali na saa utaandika mwenyewe. Watakuja kwako wake za watu na dada za watu wanaopiga simu za mafua, nakuhakikishia. Hasira yako hiyo ifanyie kazi, kuliko kunitumia mimi yote. Nusu inanitosha. Na Chiriku mwambie mjomba wake yuko kwangu, yuko hai, na si kazi yake kumlinda.

Leo mchana kaka alikuwa amelala ameangalia ukuta. Hajazungumza na mimi tangu jana isipokuwa kuniita mchongezi. Ghafla akauliza, "Hicho kikao chenu kingine lini?" Aliuliza kama mtu anayeulizia basi la kuondokea.

"Jumatano."

"Mbali sana."

"Kinyozi yupo kila siku. Amesema ukizidiwa uende ukakae naye, hata kama hunyoi."

"Ananyoa vibaya yule. Nimeviona vichwa vya watu pale."

"Nenda ukamwambie."

Akajifunika shuka. Nikadhani amelala tena, nikachukua karatasi nikaanza kukuandikia. Sasa hivi amekaa kitandani, amevaa kiatu cha kulia, ananiuliza kwa ukali nimekipeleka wapi cha kushoto. Kiko chini ya kitanda. Nimwache akitafute.

Wifi yako